Ile siku tulihukumu opera ku Mweso

Kazi yangu iko ya kutafsiri filme zenye sielewe. Siseme hivyo juu ya kujivuna. Batu ba Mweso bote banajua. Ninasimamaka kando ya ukuta na mikro, filme inasema kichina, ao kihindi, ao ile kingereza ya Bamarekani benye kutafuna maneno, na miye ninasema kiswahili juu yake, mbio mbio, kama mutu mwenye kumwanga maharagi mu sufuria. Bachina nilibatafsiri miaka mingi. Hakuna ata Muchina moja alikuya kulalamika.

Masomo haikunisaidia sana. Nilifika mu deuxième secondaire, mwaka wa pili, karibu ya Pasika, njo nikaacha. Mwalimu wa français alisemaka miye niko na kipaji kikubwa, lakini hajue kipaji ya nini. Mpaka leo tunatafuta.

Na disiki zangu ziko kama masomo yangu: hazifikake mwisho. Ninazipataka zikiwa zimekwaruka zamani. Filme inaenda muzuri, batu banapigana, banapendana, halafu karibu ya kuisha picha inaganda. Mutu anabakia mudomo wazi, mukono juu, njo basi. Mwanzoni batu balitaka kunipiga. Siku moja muzee moja mwenye kofia ya sufu, mwenye alikuwaka karani ku barza ya chefferie, baraza ya chifu, kule banakataka makambo ya mashamba na ndoa, akasimama akasema: "Mumuache huyu. Kama filme haina mwisho, siye tuko nao. Tuhukumu."

Tangu pale, ku Mweso filme zinaisha namna hiyo. Picha inaganda, muzee karani anakuya mbele, anauliza nani iko na haki na nani iko na kosa, kila mutu anasema yake, halafu miye mwenye mikro ninatangaza mwisho. Kile ninatangaza, njo mwisho. Tulihukumu majenerali, tulihukumu bibi za bafalme. Kuna mwizi wa benki tulimwachilia sababu mama yake alikuwa mugonjwa.

Sasa niseme juu ya nyumba yangu, ao niseme juu ya bashi yangu, ile hema ya plastiki mu kambi ya bakimbizi, sababu nyumba ilibakia ku mulima pamoja na shamba, siku tulikimbia. Tulikuwa nyuma ya soko: muke yangu, batoto bane, na mutoto wa dada yangu. Dada aliolewaka Walikale, mu pori. Yeye na bwana yake balikufa, na ndugu za ule bwana zilitawanyika mu mbio za vita, mpaka leo hatujue ziko wapi. Binti alitoka kule na miguu, na vitabu vyake ndani ya kikwembe. Sasa alikuwa na miaka makumi mbili, finaliste wa secondaire, alikuwa anangojea Exetat, ule mutihani wa serikali wa kumaliza shule. Alitaka kuwa infirmière, kutunza bagonjwa. Asubui mapema nilikuwa ninamuona iko anasoma karibu ya moto, midomo inatembea bila sauti, na ninajisikia kama ni miye ninamaliza ile shule.

Lakini mutoto wetu wa mwisho, wa miaka mbili, miguu ilianza kuvimba. Unabonyeza na kidole, shimo inabakia. Ku hospitali balimupatia maziwa, akapona, akacheka. Tukarudi ku bashi, ku ile sombe, majani ya muhogo bila mafuta, na kiisha majuma tatu miguu ikarudi kuvimba. 

Njo kukatokea papa moja wa Nyamitaba. Bibi yake alikufaka, ndevu zake ni nyeupe, lakini ng'ombe iko nazo, na maziwa inamwangika. Aliona binti yetu ku soko, akatuma bajumbe babili na bidoni ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Ku kwetu, ukikunywa kasiksi ya kuuliza binti, umefungua mulango. Ukitaka kuufunga, unarudisha bidoni ingine, imejaa, na miguu yako mwenyewe.

Miye nilikunywa. Niliikunywa kama mutu mwenye kuzima moto. Niliimba ata. Bajumbe bakasema batarudi siku ya tatu ya juma yenye kufuata kuchukua jibu, na ng'ombe moja ya maziwa itatangulia.

Nikaita binti. Nikamuambia: "Mutoto wangu, nilikutoa mu mvua. Nilikulea na mikono hii. Yenye unaona kama mubaya, miye naiona ni faida yako. Kule utakunywa maziwa. Huku unakunywa moshi."

Akasema: "Ndiyo, mujomba."

Kitabu ilikuwa wazi ku magoti yake. Niliangalia kitambo. Ukurasa haukugeuka.

Siku ya yenga, siku ya misa, mbele ya bajumbe kurudi, padri wa parokia akaniita. Munganga moja muzungu alikuwa anarudi kwao, akaachia parokia projekteri na disiki moja.

Padri akasema: "Ni opera. Ni ya zamani sana, ya kuchekesha. Batu ba kambi banahitaji kucheka. Utaweza kutafsiri?"

"Padri, ni luga gani?"

"Kiitalia."

"Eh! Kiitalia njo yangu."

Padri aliniangalia kama anaangalia mutu mwenye kuungama nusu.

Kiisha misa ya pili tukafunika madirisha ya sale, ule ukumbi wa parokia, na mablanketi, sakristani akawasha groupe, ile mashini ya umeme, na batu bakajaa mpaka ku mulango. Muke yangu alikuwa na mutoto ku mugongo. Binti alikala ku banki ya tatu, katikati ya bamama ba chorale. Muzee karani alikuwa mbele, na kofia yake, tayari.

Miye sikujuaka opera ni kitu gani. Nilifikiri bataimba kidogo, halafu baseme. Apana! Bale batu hawaseme. Mutu anataka kufunga mulango, anaimba kama anataka kufunga mulango, anarudilia mara ine, na mulango inabakia wazi. Kijana anajificha mu sanduku ya mashuka, banamutafuta, na yeye anaimba ndani ya sanduku! Papa moja fundi wa baiskeli akalia nyuma: "We mujinga, nyamaza, batakukamata!" Sale yote ikacheka.

Na kamera yao ilikuwa karibu sana ya midomo. Tuliona meno ya nyuma. Binti wa filme, mwenye balisema ni mudogo, alikuwa na shingo ya mubeba mbao, na batu bakauliza kama iko binti ao ni mama ya binti. Nikajibu mu mikro: "Ku bo, miaka inahesabiwa na sauti." Nilikuwa na furaha. Nilikuwa ninaogelea.

Mambo yenyewe niliielewa na macho. Kuna papa moja munene wa koti refu mwenye kulea ule binti. Kuna rafiki yake, muzee tajiri mwenye tumbo na fimbo, anataka kumuoa. Binti anapenda kijana wa sanduku. Na kuna mufanyakazi mwanamuke mwenye kuchanganya bote. Ule papa mulezi njo alikuwa muimbaji wa kweli. Sauti yake ilitoka ku tumbo kama ng'ombe yenye kuita mutoto yake. Alikuwa anatembea, anajifuta jasho, anashika mukono ya binti, na anaimba murefu, murefu, na miye nilipashwa kujaza ule wimbo wote na maneno.

Hapo njo nilikosa. Mutu mwenye kutafsiri kitu yenye hajue, anachota mu kichwa chake. Na siku ile mu kichwa changu mulikuwa kitu kimoja tu. Nikamuita ule papa "mujomba". Halafu nikasikia mikro inasema: "Mutoto wangu, nilikutoa mu mvua. Nilikulea na mikono hii. Yenye unaona kama mubaya, miye naiona ni faida yako."

Batu bakacheka sana. Ule muimbaji alikuwa anafunga macho, mukono ku roho, na maneno yangu yalimufaa kama koti yake.

"Kule utakunywa maziwa," nikasema. Nilitaka kusimama, lakini alikuwa anaimba bado, na mudomo wangu ulizoea kufuata mudomo. "Huku unakunywa moshi."

Mama moja alicheka mpaka akaanguka juu ya jirani yake. "Ah, huyu mujomba ni muongo! Mwangalie vile anajifuta jasho! Jasho ya mwizi!"

Niliangalia banki ya tatu. Binti yetu hakucheka. Hakulia pia. Aliniangalia mu macho, miye, si filme. Na muke yangu ku ukuta alikuwa ameinamisha kichwa.

Nikaendelea, ningefanya nini. Mutu wa makaratasi ya ndoa akaingia, bakaweka meza, kalamu ya nyoya ya ndege. Ule mujomba akaishika, akainama juu ya karatasi, mukono unatetemeka, akafungua mudomo juu ya sauti ya mwisho. Na picha ikaganda.

Kwa mara ya kwanza mu maisha yangu niliomba Mungu disiki iendelee. Sakristani akaipangusa na shati, akairudisha. Ikaganda palepale. Mujomba, mudomo wazi, kalamu mukononi.

Muzee karani akasimama, akakohoa. "Haya. Barza."

Wa kwanza kusema alikuwa mama mwenye kuuzisha ndizi ku soko, mama mukubwa, sauti yake haihitaji mikro. "Huyu mujomba anauzisha mutoto. Basi. Tuende tukapike."

"Polepole, mama," fundi wa baiskeli akasema. "Unajua iko na batoto ngapi ku nyumba? Pengine banalala njaa."

"Na ile tumbo yake? Njaa gani inaleta tumbo kama ile?"

Batu bakacheka. Fundi hakucheka. "Mama, miye nasema ile naona. Anatetemeka. Mutu mwenye furaha hatetemeke."

Muzee karani akainua mukono, sale ikanyamaza. "Miye ninauliza moja tu. Huyu ni nani ku mutoto? Mutafsiri alisema ni mujomba. Sivyo?"

Akaniangalia. Nikasema: "Ndiyo, muzee."

"Si baba. Si baba mudogo. Mujomba. Ku desturi yetu, mutoto akiolewa, mujomba anapewa mbuzi moja. Mbuzi! Anakula, anasema asante, anaenda. Nani alimupatia kalamu?"

 Nilisikia groupe inanguruma inje. Nilikuwa mu sale ya batu mia na zaidi, na nilijisikia uchi.

Njo binti yetu akasimama. Ku barza binti hasimamake bila kuitwa, na bamama ba chorale bakamuvuta kikwembe. Muzee akasema: "Mumuache."

Akasema: "Bazee, munisamehe. Nitasema juu ya ule binti, sababu yeye anaimba tu na hakuna mwenye kumusikia." Sauti yake ilikuwa chini, lakini haikukatika. "Ule mujomba haiko mutu mubaya. Anampatia sahani ya kwanza kabla ya batoto yake. Lakini anamuambia ni faida yako, ni furaha yako. Juu ya nini haseme njaa? Angesema: mutoto wangu, njaa imenishinda, niokoe, ule binti pengine angekubali. Pengine angeenda na miguu yake. Lakini banamuambia afurahi. Njo hiyo inamuuma."

Akakala.

Mama wa ndizi akafunika mudomo na kitambaa. Nafikiri pale njo alielewa. Fundi wa baiskeli aliangalia viatu vyake. Na muzee karani, sijue kama alijua tangu mwanzo, akanigeukia na akasema kama anasemaka kila filme: "Mutafsiri, tumesikia. Tangaza mwisho."

Munielewe muzuri. Siku ile, mulango ulikuwa mbele yangu. Ule binti alikuwa amesema mbele ya batu bote: uniombe na ukweli, pengine nitakubali. Ningemungoja tu ku bashi, nimuoneshe miguu ya mutoto, niseme njaa imenishinda, na ng'ombe ingefika. Na ingekuwa kweli! Sikupashwa ata kudanganya. Niliangalia muke yangu na ule mugongo wake wenye kubeba. Mikro ilikuwa na jasho yote ya mukono yangu.

Nikasema: "Mwisho ni huu. Kalamu itoke ku mukono ya mujomba. Atangojea mbuzi yake, siku binti mwenyewe ataita batu."

Balipiga mikono. Miye sikusikia muzuri.

Ku bashi muke yangu alikuwa anapulizia moto. Hakugeuka. "Umehukumu muzuri, baba," akasema. "Sasa niambie, ninaipika na maji ngapi hiyo hukumu?"

Nilikala karibu yake. Binti aliingia na kuni. Nikamuambia, mbele ya muke yangu: "Mutoto, ninaogopa. Njaa imenishinda. Siwezi kuficha."

Akaweka kuni chini. "Najua, mujomba. Unataka niende?"

"Apana. Nakuambia tu. Sikuombe."

Alisimama kama mutu mwenye kubebeshwa muzigo na kunyanganywa wakati moja. Halafu akaenda kuchukua mutoto ku mugongo ya muke yangu, na akabonyeza muguu yake na kidole, polepole, kama banabafundishaka ku shule.

Nilibakia na siku mbili. Ndizi ya kasiksi miye sikukuwa nayo. Shamba yangu iko ku mulima, na ku mulima banapita batu ba silaha. Mama wa ndizi alikuya mwenyewe na mikungu mbili ku kichwa, akaitupa mbele ya bashi. "Nilisema tuende tukapike," akasema. "Pika." Lakini kasiksi haipikwake siku mbili, na mama alijua. Akaenda kuibadilisha ku dada yake na bidoni ya kuiva.

Asubui ya siku ya tatu, mbele ya bajumbe kutoka kwao, niliweka bidoni ku mugongo na nikaenda Nyamitaba. Njiani batu benye kunijua baliniuliza ninapeleka kasiksi ku arusi gani. Nikasema ku yangu mwenyewe. Bakacheka. Ni kazi yangu.

Ule papa alinipokea mu kiwanja, ng'ombe zinapita nyuma yake. Niliweka bidoni chini. Hakuna kitu cha kusema, bidoni inasema. Alifungua, akakunywa kikombe kimoja, akanipatia kingine, kama desturi inataka.

Akasema: "Ile siku bajumbe bangu baliniambia ulikunywa sana na uliimba. Nikajua ni njaa inakunywa. Nikajiambia, basi, ni bahati yangu." Akafuta ndevu. "Nilitaka mutu wa kusema naye mangaribi. Ng'ombe hazijibu."

Niliona aibu kuliko ku sale. Mu filme mwenye ng'ombe alikuwa na tumbo na fimbo, ni mwepesi kumucheka. Huyu alinisindikiza mpaka ku barabara. Hakunipatia maziwa. Na sikuomba, ijapo mudomo wangu ulifunguka mara mbili.

Binti alifanya Exetat. Tunangojea matokeo bado. Mutoto alirudishwa ku hospitali, akatoka, na ninamuangalia miguu kila asubui mbele ya kuangalia uso wake. Sijue kama nilihukumu muzuri. Kuna siku ninaamuka nikijua nilikosa, na kufika saa sita ninajua sikukosa, na mangaribi kama sufuria iko tupu ninarudi ku ya asubui.

Padri aliniomba disiki yake. Mbele ya kuirudisha niliipaka dentifrice, ile dawa ya meno, niliipangusa na pamba, kama tunafanyaka, na ku ofisi ya parokia nikaiweka mu machine, muchana, miye na binti tu. Ikapita pale iligandaka. Mujomba anatupa kalamu! Kijana anatoka mu sanduku, mufanyakazi anacheka, muzee wa fimbo anacheka, bote banasimama mustari moja, banashikana mikono, na banaimba kwa nguvu mpaka pazia inashuka. Ule mujomba njo anaimba kupita bote. Meno yote inje.

Kama munataka hukumu yangu juu ya ile opera, ni hii: batu banaimba muzuri, nguo ni muzuri, ule mujomba ni fundi kabisa. Lakini pazia yao inashuka mbio sana. Hakuna mutu alifungua sufuria kuangalia kama muko kitu.

Binti alikuwa ameinama karibu ya picha. "Mujomba," akasema, "hapa mwishoni anasema nini?"

Nilifungua mudomo. Maneno yalikuwa tayari, yako tayari siku zote.

"Sijue," nikasema.

Akanigeukia kama nimeanguka ku kiti. Halafu akacheka, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu ile kasiksi, na alicheka mpaka padri akachungulia ku mulango kuuliza kama disiki imeharibika.